Safu Mbili za Mzee Magesa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi nikidhani nimewahi. Mzee Magesa alikuwa ameshafungua madirisha, ameshafuta vumbi kwenye meza ya kuchorea ramani, na chai yake ameshaimaliza. Ofisi yetu ya upimaji ardhi iko ghorofani, juu ya duka la nyavu, karibu na stendi ya Buzuruga. Harufu ya nyavu mpya hupanda ngazi na kukaa nasi kutwa nzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe wa chuo kikuu?"

"Ndiye mimi."

"Kaa hapo. Una penseli?"

Nilikuwa na kompyuta, kikokotoo cha kisayansi na shahada. Penseli sikuwa nayo. Akanipa yake, fupi, iliyochongwa kwa kisu.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaosomea upimaji na watakaokuja kuajiriwa nyuma yangu. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na waliostaafu. Aliyestaafu ni Mzee Magesa, mwezi uliopita. Nilimwomba aandike mwenyewe akanijibu, "Madaftari yangu yapo. Someni." Basi naandika mimi, mwenye miaka sita tu kazini, na naandika nilichokiona kwa macho yangu, maana sina tabia ya kusifu kwa kusikia.

Cheo chake kilikuwa Mpima Mwandamizi. Juu yake alikuwepo Meneja, ambaye ndiye aliyetia sahihi barua, lakini hata Meneja hakutia sahihi kabla ya kuuliza, "Mzee ameiona?" Mzee Magesa alikuwa ameanza kazi serikalini kama mshika utepe, yule anayevuta utepe wa chuma kutoka jiwe la mpaka hadi jingine. Akapelekwa Ukerewe, kisha Sengerema, kisha Magu, akipanda ngazi moja kila kituo, hadi akapewa chombo cha kupimia pembe na kuambiwa apime mwenyewe.

Asubuhi ile aliniwekea mbele daftari la uwandani. Hilo ni daftari ambalo mpima huandika kila alichokipima kabla hajaondoka mahali pale. Kila ukurasa ulipigwa mistari kwa rula: jina la jiwe, uelekeo, umbali, kosini, sini. Uelekeo ni pembe inayohesabiwa kuanzia kaskazini, ukizunguka kupitia mashariki hadi urudi ulikoanzia. Kosini ya uelekeo inakuambia, kwa kila mita unayotembea kulifuata jiwe, umesogea kaskazini kiasi gani. Sini inakuambia umesogea mashariki kiasi gani. Ukiona alama ya kutoa mbele ya kosini, ujue umekwenda kusini. Mbele ya sini, umekwenda magharibi.

Kazi yangu ilikuwa kujaza safu mbili za mwisho. Nilijaza mistari mitano nikasimama.

"Mzee, kwa nini tunaandika zote mbili?"

"Zipi?"

"Kosini na sini. Uelekeo upo hapa. Kikokotoo kinatoa kosini, na kutoka kwenye kosini naweza kurudi kwenye uelekeo. Hii safu ya sini ni kazi ya bure."

Alinitazama bila hasira.

"Andika zote mbili."

"Lakini kwa nini?"

"Andika zote mbili, binti. Chai ipo kwenye chupa."

Doto alicheka kutoka kwenye kona yake. Doto ni mshika prizimu wetu, mtu mzima mwenye wajukuu. Kazi yake ni kusimamisha fimbo yenye kioo mahali panapopimwa ili mashine ya kupimia isome umbali. "Mzee, huyu tumwite Mama Kwa Nini," alisema. Jina likakaa. Mpaka leo wenye viwanja wengine hawajui jina langu halisi.

Niliandika zote mbili kwa sababu niliamriwa. Nakiri nilimwona kama mtu anayefua nguo safi.

Lakini mengine nilianza kuyaona. Aliweza kusimama juu ya jabali, akafumba jicho moja, akataja umbali wa jiwe, na mashine ikamkosoa kwa mita moja au mbili tu. Hakupima kiwanja cha mtu bila kumsalimia kwanza na kumsikiliza akieleza mpaka ulivyo, hata kama maelezo hayo yalikuwa uongo mtupu. "Uongo nao unaonyesha kitu," aliniambia. "Unaonyesha mtu anaogopa upande gani." Na hakuwahi kuondoka uwandani na ukurasa wenye mraba mtupu.

Mwaka wangu wa pili ndipo lilipotokea la Bibi Kwandu.

Bibi Kwandu ni mjane anayekausha dagaa kwenye kijighuba kimoja upande wa Kigongo, mahali ambapo ufukwe unatazama kaskazini. Vichanja vyake, zile meza ndefu za miti na nyavu ambazo dagaa huanikwa juu yake, vimepangwa kutoka jiwe lake la magharibi hadi karibu na matete. Jiwe la mashariki, linalomtenga na jirani yake Bwana Lukas, lilikuwa limepotea. Maji ya ziwa yalipanda, yakakaa, yakarudi, na yaliporudi yaliacha mchanga na matete juu ya kila kitu. Bwana Lukas alitaka kujenga nyumba ya kulala wageni na tayari alikuwa amerundika matofali. Alisema baba yake alimwambia ufukwe wa Bibi Kwandu una hatua arobaini tu kutoka jiwe la magharibi. Ingekuwa hivyo, zaidi ya nusu ya vichanja vingekuwa ndani ya kiwanja chake. Bibi Kwandu alisema jiwe liko mbali zaidi, penye matete, ila hakumbuki wapi hasa. Mbele ya mwenyekiti wa kijiji wote wawili walikubaliana kufuata kitakachopatikana kwa vipimo.

Eneo lile lilikuwa limepimwa zamani na Mzee Magesa mwenyewe, akiwa kijana, lakini ramani haikuwahi kufika hatua ya kuidhinishwa. Kilichobaki ni daftari lake la uwandani. Alilitoa kabatini akalifungua, na mchwa walikuwa wamepita. Walikula ukingo wa kurasa na safu nzima ya uelekeo. Zilibaki majina ya mawe, umbali, kosini na sini.

Kituo alichosimama siku hiyo kilikuwepo bado: chuma kilichopigiliwa kwenye jabali nyuma ya vichanja. Jiwe la magharibi nalo lilikuwepo. Tatizo ni kwamba alikuwa ametumia kaskazini ya dira, na sisi tunatumia kaskazini ya setilaiti, na kati ya hizo mbili kuna tofauti ya nyuzi kadhaa ambayo hakuna aliyeiandika. Kwa hiyo dawa ilikuwa moja. Simama kwenye chuma, lenga jiwe la magharibi, kisha zungusha mashine kwa tofauti ya pembe kati ya mawe mawili. Tofauti haijali kaskazini ni ya nani. Halafu pima umbali wa daftarini, chimba.

"Nenda na Doto asubuhi," Mzee aliniambia. "Mimi nina kikao na Meneja, nitawakuta mchana. Tofauti ya pembe utaipata?"

"Nitaipata, mzee. Dakika mbili."

Niliipata kwa dakika moja. Kosini ya jiwe la magharibi ilikuwa 0.7431. Kikokotoo kikasema: nyuzi 42. Kosini ya jiwe la mashariki ilikuwa 0.9063. Kikasema: nyuzi 25. Nikatoa: nyuzi 17. Safu ya sini sikuigusa.

Nilizungusha mashine nyuzi 17 kwenda kulia, kwa kuwa mashariki ilikuwa kulia kwangu. Daftari lilisema jiwe la mashariki liko mita 60 kutoka kituoni, nikampeleka Doto hadi mita 60. Alisimama katikati ya vichanja. Nilipopima kutoka jiwe la magharibi hadi alipo, nilipata mita ishirini na nane na nusu. Bwana Lukas alitembea umbali huo akihesabu kwa sauti, na hatua ya arobaini ikaangukia miguuni pa Doto.

"Si niliwaambia?" alisema. "Baba hakuwa na shule, lakini hatua zake zilikuwa na akili."

Nilifurahi, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilifurahi kwa sababu namba yangu na maneno ya mtu vilikutana, nikadhani hakuna uthibitisho unaozidi huo. Mimi ninayejisifu kuuliza kila kitu sikuuliza lolote.

Doto alichimba hadi shimo likamfika kiunoni. Hakuna jiwe. Nikasema litakuwa limebebwa na mawimbi.

"Jiwe la saruji?" Doto aliuliza. "Limebebwa kwenda wapi, Mama Kwa Nini? Bukoba?"

Bibi Kwandu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akitutazama. Akaniita.

"Mjukuu wangu, mashine imesema hapa?"

"Ndiyo, bibi."

"Haikosei?"

"Haikosei."

Alinyanyuka, akajifunga kitenge vizuri, akaenda kwenye kichanja cha mwisho kabisa, akaanza kung'oa nguzo. Alizitikisa kwa mikono miwili hadi zilegee, akazilaza chini moja moja. Binti yake alianza kulia, yeye akamwambia ashike upande wa pili wa wavu, dagaa wasimwagike.

Mzee Magesa alifika wakati nguzo ya saba inalala mchangani. Alisalimia kila mtu, kama kawaida yake, Bwana Lukas akiwemo. Kisha akaja kwenye jabali.

"Umehesabuje?"

Nikamwonyesha. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Sini umezipeleka wapi?"

"Sikuzihitaji, mzee."

"Simama hapa nilipo. Kaskazini ni wapi, kwa kukadiria tu?"

Nikanyoosha mkono kuelekea ziwani.

"Jiwe la magharibi liko upande gani wa mkono wako?"

"Kushoto."

"Na nyuzi 42 ulizoandika ziko upande gani?"

Niliutazama mkono wangu. Nyuzi 42 kutoka kaskazini ziko kulia, mashariki. Jiwe lilikuwa kushoto, limekaa pale peupe tangu asubuhi, nami nimelilenga mara tatu.

"Kosini ya nyuzi 42 na kosini ya nyuzi 318 ni namba moja," Mzee alisema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. "Mbele ya kosini mkono wa kushoto na wa kulia ni mmoja. Kikokotoo kikikosa habari kinachagua wa kulia. Mashine haijakosea, binti. Uliiuliza nusu ya swali."

Akageuza ukurasa upande wangu. Kwenye safu ya sini, mbele ya jiwe la magharibi, kulikuwa na alama ya kutoa iliyokolezwa mara mbili kwa penseli: kutoa 0.6691. Jiwe la mashariki: 0.4226.

"Sasa usitafute pembe moja moja. Itafute kosini ya tofauti yenyewe. Kosini mara kosini, jumlisha sini mara sini. Alama zitajitengeneza zenyewe."

Nilizidisha hapo hapo juu ya jabali. Kosini kwa kosini, 0.6735. Sini kwa sini, kutoa 0.2828. Jumla, 0.3907. Hiyo ni kosini ya nyuzi 67.

Nikataka kukimbilia mashine, kisha nikasimama.

"Mzee, lakini nyuzi 67 kwenda kulia au kushoto? Si kosini hii nayo haijui?"

Hapo ndipo nilipomwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi.

"Hilo sasa ndilo swali. Zitazame sini zako."

Kosini zote mbili ni za kaskazini. Sini ya jiwe moja ni ya magharibi, ya jingine ni ya mashariki. Kutoka magharibi kwenda mashariki, uso ukiwa kaskazini, ni kulia. Nikazungusha. Mwali wa mashine uliviruka vichanja vyote, ukaangukia kwenye matete, nyuma ya matofali ya Bwana Lukas.

Bwana Lukas aliweka mikono kiunoni. "Subirini kwanza. Asubuhi mashine imesema hapa. Mchana inasema kule. Jioni itasema wapi, Ukerewe?"

"Umesema kweli," Mzee alimjibu. "Usiiamini. Tuchimbe. Jiwe likikosekana, chukua mpaka wa asubuhi, na mimi nitatia sahihi."

Nilitaka kumzuia. Je, kama kweli maji yamelibeba? Je, kama yeye mwenyewe, siku ile ya ujana wake, aliandika alama ya kutoa mahali pasipo pake? Bibi Kwandu alikuwa ameacha kung'oa. Alisimama na nguzo mkononi, ameishika kama fimbo ya kutembelea.

Doto alikata matete, akachimba. Mchanga, matope meusi, magamba ya konokono, tena mchanga. Shimo lilipofika juu ya magoti alisimama kujifuta jasho, na Bwana Lukas akaguna. Alipopiga tena, jembe liligonga kitu kigumu.

Alipiga magoti akafuta kwa viganja. Saruji ilitokea, na katikati yake kichwa cha chuma chenye kutu. Kilikuwa upana wa kiganja kimoja tu kutoka mahali tulipoweka alama.

"Huyu hapa," Doto alisema. "Hakwenda Bukoba."

Tulipima kutoka jiwe hadi jiwe. Mita sabini na tisa.

Bwana Lukas alishuka shimoni akaligusa mwenyewe. Kisha akasema baba yake labda alihesabu kuanzia kibanda cha mitumbwi kilichokuwepo zamani, siyo kuanzia jiweni. Mzee akamwambia inawezekana kabisa. Hakumwongezea neno jingine, na naamini kwa sababu hiyo Bwana Lukas alihamisha matofali yake wiki hiyo hiyo bila ugomvi.

Nilianza kufungasha mashine. Mzee akanizuia.

"Ripoti baadaye. Rudisha nguzo kwanza."

Nilizirudisha zote saba, moja moja, kwenye mashimo yake. Bibi Kwandu alinielekeza. "Sukuma. Bado. Sukuma tena. Chuoni hawafundishi kusukuma?" Nilipomwomba radhi na kumwonyesha daftarini kwamba nilisoma safu moja tu kati ya mbili za mwisho, alisema, "Ulikuwa na haraka, mjukuu wangu," kisha akanipa dagaa kwenye gazeti.

Siku iliyofuata ofisini sikuridhika. Nilikuwa nimeona kwamba kanuni ile inafanya kazi. Shuleni niliikariri, chuoni niliitumia, na hakuna aliyewahi kunionyesha kwa nini ni kweli. Nikamuuliza Mzee. Alimwomba Doto apandishe baiskeli yake ghorofani, akaipindua chini juu, akafunga uzi kutoka sehemu moja ya ukingo wa gurudumu hadi nyingine.

"Kutoka kitovu hadi ukingo, tuite urefu wa moja. Pembe tuzihesabu kuanzia mstari unaopita kitovuni sambamba na sakafu. Kila ncha ya uzi ina kosini yake kwenda mbele na sini yake kwenda juu. Piga hesabu ya urefu wa uzi, kwa ile kanuni ya pembetatu mraba."

Nikapiga. Mraba wa urefu wa uzi ulitoka mbili, kutoa mara mbili ya jumla ya kosini kwa kosini na sini kwa sini.

Akalizungusha gurudumu taratibu hadi ncha ya chini ikalala juu ya mstari huo. "Sasa hii ina pembe sifuri. Ile ya juu imebaki na pembe gani?"

"Tofauti yao."

"Piga tena."

Mbili, kutoa mara mbili ya kosini ya tofauti.

"Uzi umerefuka?"

"Hapana."

"Umefupika?"

"Hapana."

"Basi hesabu zako mbili ni kitu kimoja, na kanuni yako ndiyo hiyo. Doto, teremsha baiskeli yako."

Nimekaa mbele ya maprofesa wengi. Hakuna aliyewahi kunipa kitu kizito kwa mkono mwepesi namna ile.

Mwezi uliopita tulimuaga nyumbani kwake Pasiansi. Meneja alisoma hotuba, Doto alicheza, na Mzee alipoombwa kusema neno alishukuru akakaa. Nilimfuata pembeni. Nilimwambia, na nasimamia hapo hadi leo, kwamba angeweza kunijibu siku ile ya kwanza. Sentensi moja ingetosha, na Bibi Kwandu asingeng'oa nguzo hata moja.

Aliweka kikombe chake chini.

"Kweli," alisema. "Mimi niliambiwa niandike, nikaandika. Sikuzoea mtu anayetaka sababu kwanza. Wewe ukipata mtu wako, mwambie."

Sikutarajia anikubalie. Nilikuwa nimeandaa hoja mbili zaidi, zikabaki mdomoni.

Wiki iliyopita nilirudi Kigongo bila Mzee, mimi na Doto tu, kukamilisha vipimo vya hati ya Bibi Kwandu. Safari hii sahihi ni yangu. Mashine yetu mpya inatunza kila kitu yenyewe na haina haja ya penseli, lakini nilikuwa nimepiga mistari kwa rula kwenye daftari langu, safu zote tano. Tulipomaliza nilifungua kidau cha wino, nikamwonyesha Bibi Kwandu pa kuweka dole gumba.

Hakuliweka. Alivuta daftari kwake. Kusoma hajui, lakini aliweka kidole juu ya safu ya nne, akakishusha hadi chini polepole, kisha akakihamishia kwenye ya tano, akakishusha tena, akihakikisha hakuna mraba mtupu.

"Zote mbili zimo?" aliuliza.

"Zote mbili, bibi."

"Basi lete wino."